Maabara isiyo na haraka: nyota nne, na sababu ya kuinyima ya tano

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Mkojo wa kawaida ni shilingi 300. Kuotesha mkojo, pamoja na kupima ni dawa gani itawaua wadudu watakaoota, ni 1,800. Choo ni 300, malaria kwa hadubini 250, brusela, ile homa inayotoka kwa mifugo, 500. Hapa hapa mjini Nakuru kuna mahali utapimwa kila kitu kwa 500 na majibu uyapate kabla chai haijapoa. Hapa si hapo. Hapa utangoja, na ikiwa ni kuotesha, utaenda nyumbani ulale ndipo urudi. Mimi naona huko kungoja ndiko ulikolipia, na nitaeleza kwa nini.

Kazi yangu ni kupima maziwa. Kabla jua halijachomoza niko kwenye jukwaa la ushirika wetu upande wa Bahati, pikipiki zinashusha mitungi, laktomita ya kugundua maziwa yaliyotiwa maji mkononi, chupa ya spiriti kando. Maziwa yakikatika kwenye spiriti, yanarudi. Mwenye mtungi anaweza kunitukana mpaka amfikie nyanya yangu kaburini, maziwa yanarudi. Kwa hiyo nikiingia maabara ya watu, macho yangu hayaendi kwa televisheni. Yanatafuta friji. Je, ina themomita? Kuna karatasi ya kuandika joto? Imejazwa siku kwa siku, au kuna mtu aliyekaa chini mara moja akaujaza mwezi mzima kwa kalamu moja?

Hapa, dirisha la vioo linaitenga sehemu ya wanaongoja na chumba cha kazi, na karatasi ya friji unaiona ukiwa umekaa. Ilikuwa na miandiko tofauti, wino wa bluu na mweusi, asubuhi na jioni. Siku moja joto lilikuwa limepanda, wakalizungushia duara jekundu na kuandika kando: stima ilipotea, vitendanishi (dawa za kupimia) vimekaguliwa. Mtu anayeibandika aibu yake ukutani, mimi namwamini. Leseni ya bodi ya maabara nayo imetundikwa, ya mwaka huu. Muwe mnasoma mwaka, msitazame fremu tu.

Kilichonipeleka ni homa, pamoja na maumivu ya mgongo upande wa kulia, chini ya mbavu, na mkojo unaochoma. Nilikuwa nimepitia kliniki moja ambayo sitaitaja. Walinitoa damu, wakachanganya matone kwenye kigae cheupe, na baada ya muda wa kupokea simu moja wakaniambia nina brusela na taifodi, zote mbili. Nikaandikiwa sindano, na tembe za kumeza wiki sita. Habari ya mkojo hakuna aliyeiuliza.

Sasa brusela ni ugonjwa wa kazini kwetu. Ng'ombe anatupa mimba, mwenye boma anashika kondo la nyuma kwa mikono mitupu, watoto wanakunywa maziwa bila kuchemsha, basi, umeingia nyumbani. Tuna kipimo chake cha maziwa. Unachukua mililita moja ya maziwa, unatia tone la bakteria wa brusela waliokwisha kufa na kupakwa rangi ya bluu, unaweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa moja. Ikiwa maziwa yana kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya mdudu, krimu inapanda juu ikiwa na pete ya bluu. Ikiwa hayana, krimu inapanda nyeupe na bluu inabaki chini. Ni kipimo kizuri, cha bei ya chini, na kinadanganya: ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele anaweza kukuletea pete, na maziwa ya dang'a vilevile. Ndiyo sababu hakuna ng'ombe wa mtu tuliyewahi kumhukumu kwa pete moja. Anaitwa daktari wa mifugo, damu inatolewa, inapimwa kwa njia nyingine. Nikajiuliza, ng'ombe wa Bahati apewe nafasi ya pili, mimi ninyimwe?

Daktari ninayemwendea siku zote aliangalia ile karatasi ya kliniki, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe chake. Akaandika fomu mpya: mkojo, kuotesha, na Rose Bengal, kipimo cha damu cha brusela. Akanionya nisimeze tembe hata moja kabla ya kutoa mkojo, kwa sababu dawa ikishaingia, wadudu wanaweza kukataa kuota kwenye sahani huku ndani ya mwili bado wapo. Akanielekeza hapa.

Mapokezi. Hapa ndipo nyota ilianza kutikisika. Binti wa mapokezi ni mchapakazi, jina langu alilipata sawa na umri akaandika, lakini sauti yake ingefaa kwenye mnada wa ng'ombe. "Mkojo wa kuotesha ni wa nani?" Watu wote benchini wakageuka. Kulikuwa na mzee mmoja wa heshima zake, na suti, aliyeitwa kwa mtindo huo huo kuhusu choo, akasimama kama anayeitwa mahakamani. Jamani, namba zipo. Mpeni kila mtu namba, muite namba.

Lakini alipofika kwenye maelezo nilimsamehe nusu. Hakunisukumia tu kikopo. Alinieleza polepole, sasa kwa sauti ya chini: "Mama, nawa kwanza kwa maji, bila sabuni ya harufu. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, shika wa katikati, usiguse ndani ya kikopo." Na kikopo kilikuwa na kifuniko cha kukaza, kimefungwa kwenye karatasi yake. Nikiwa bado nimesimama akaingia mama mmoja kutoka Molo na mkojo wake kwenye chupa ya sharubati, ameufunga vizuri kwa kitambaa, ametoka nao alfajiri. Mtaalamu wa maabara mwenyewe alitoka ndani, kijana mrefu mwenye miwani, akaushika ule mzigo kwa heshima kabisa na kumwambia hawezi kuuotesha. Mkojo ukikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, wadudu wachache wa ngozi au wa chupa wanazaana mpaka wanaonekana ni ugonjwa. Akampa kikopo kipya na kumwonyesha choo. Yule mama alilalamika, nauli ya Molo si mchezo, lakini kijana hakuchukua pesa kwa kitu ambacho alijua jibu lake litakuwa uongo. Mimi ninayerudisha maziwa kila asubuhi nilitamani kumpigia makofi.

Choo chenyewe, tukiwa hapo hapo: kisafi, maji yapo, kitasa hakifungi. Utashika mlango kwa mguu huku ukitafuta ule mkojo wa katikati. Rekebisheni.

Kijana akinionyesha kupitia dirisha, mkojo wangu ulianza kwa kile kijiti cha rangi. Kiraka kimoja kinatafuta seli nyeupe, kingine kinatafuta nitraiti, ambayo bakteria wengi wa mkojo huitengeneza. Vyote viwili viligeuka rangi. Akasokota mkojo kwenye mashine, akaweka tone chini ya hadubini, akaandika chembe za usaha nyingi. Maabara nyingi zingeishia hapo, zikuuzie antibayotiki yoyote iliyo karibu. Yeye akachukua kijiti chenye kitanzi cha waya mwembamba, kitanzi kinachobeba sehemu moja ya elfu ya mililita, akakichovya mara moja na kuchora mstari juu ya sahani yenye jeli.

Hapo hesabu ni nyepesi na inapendeza. Kila bakteria aliye hai anaota kuwa kidoa. Kitanzi kimebeba sehemu moja ya elfu, kwa hiyo vidoa 100 ni bakteria 100,000 katika mililita moja ya mkojo, na kiwango hicho ndicho kimezoeleka kutenganisha maambukizi ya kweli na uchafu wa njiani. Sisi kwenye maziwa tunahesabu vidoa pia, ila sisi tunataka tujue tu kama ni vingi. Hawa wanataka jina la mwenye kidoa.

Niweke neno kidogo kuhusu ile jeli, kwa sababu nilisomea mambo ya maziwa Naivasha na hadithi hii niliipenda tangu darasani. Inaitwa agari, inatoka kwenye mwani wa baharini. Zamani, kwenye maabara ya Robert Koch kule Berlin, walikuwa wakitumia jelatini, na jelatini inayeyuka kwenye joto la kuotesha, na bakteria wengine wanaila. Mke wa mmoja wa wasaidizi wake, Fanny Hesse, ndiye aliyewaambia, mwaka 1881, kwamba yeye jikoni kwake anatumia agari na jeli zake haziyeyuki hata kukiwa na joto. Julius Petri akaja na sahani ya kifuniko mwaka 1887 na jina lake likakaa kwenye sahani mpaka leo. Jina la mama wa jikoni halikubandikwa popote.

Nilienda Jumatatu. Jumanne jioni nilipigiwa simu kwamba kuna kilichoota, na dawa zinapimwa usiku huo. Jumatano mchana nikapanda ngazi. Kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kijana kazi yangu, alinionyesha sahani, akiwa na glavu, kifuniko juu, mimi upande wangu wa kioo. Vidoa vya waridi kali, vimebanana, vinene, vikavu kidogo. Jeli hiyo, MacConkey, ina laktosi, sukari ile ile ya maziwa yangu, na rangi inayobadilika ikikutana na asidi. Bakteria anayekula laktosi anatoa asidi na kujipaka waridi mwenyewe. E. coli, bakteria wa utumboni anayeongoza kwa kuambukiza njia ya mkojo, anaila. Lakini kuna wengine wanaoila, kwa hiyo kijana alikuwa amefanya vipimo vingine vidogo kwenye mirija kabla ya kuandika jina. Nilimuuliza kwa nini asiandike tu akaondoke, rangi si inaonekana? Akasema, "Mama, waridi inanipa mshukiwa tu."

Sahani ya pili ndiyo iliyonifanya nikae kuandika haya. Kwenye jeli nyingine, ya rangi ya majani makavu, alikuwa amepaka bakteria wangu kote kote, sawasawa. Kabla ya kupaka huwa anawachanganya kwenye maji ya chumvi na kushika mrija mbele ya kadi yenye mistari myeusi, pamoja na mrija wa mfano, mpaka ukungu wa mirija miwili ulingane. Ukipaka wengi mno dawa itaonekana dhaifu, ukipaka wachache itaonekana shujaa. Halafu akaweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake na herufi zake. Asubuhi, mahali dawa inapofanya kazi kuna duara safi lisilo na ukungu. Mahali isipofanya kazi, bakteria wameota mpaka wamegusa karatasi, kana kwamba haipo. Ampisilini: wameigusa. Kotrimoksazoli, ile wengi tunaiita Septrin na ambayo huuzwa madukani kama peremende: wameigusa pia. Alichukua rula akapima maduara mengine kwa milimita, akalinganisha na jedwali, kwa sababu duara dogo si ushindi. Kila dawa ina ukubwa wake wa kuhesabiwa kuwa inafaa.

Na jedwali hilo nalo halitoshi. Kwenye friji kuna mrija umeandikwa 25922. Hiyo ni E. coli ya mfano, ya ukoo mmoja unaotumiwa na maabara za dunia nzima, na maduara yake yanajulikana. Wanampima yeye kwanza. Akitoa duara lisilo lake, basi ama vidonge vimeharibika, ama jeli, ama joto, na kazi ya siku hiyo haitoki. Muulizeni mtu wa maabara yenu kuhusu mrija huo. Akiwaangalia kama mmeuliza nauli ya kwenda mwezini, mtakuwa mmejibiwa.

Majibu yalipofika kwa daktari alinionyesha kitu kimoja ambacho peke yangu nisingekiona. Kwenye orodha ya dawa zinazofaa, nitrofurantoini ilikuwa na duara zuri. Hakuipa nafasi. Dawa hiyo inajaa kwenye kibofu, akasema, lakini haifiki vya kutosha kwenye nyama ya figo, na mgongo wangu ulikuwa unasema figo. Akachagua nyingine kwenye orodha ile ile, ya sindano kwanza. Kwa hiyo msichukue karatasi hii mkaipeleka moja kwa moja kwenye duka la dawa. Maabara inajua sahani. Haijui mgongo wako.

Rose Bengal, ile ya brusela, ilitoka hasi. Tone la seramu yangu, tone la bakteria waliopakwa rangi ya waridi, kigae kinazungushwa dakika nne, na hakuna punje iliyojikusanya. Kijana hakusema "huna brusela." Alisema haionekani leo, na kwamba homa ikikataa kuisha baada ya tiba ya mkojo nirudi baada ya wiki mbili, damu ipimwe tena. Akaniambia pia kwamba vipimo vingine vya kigae vya brusela hushika kingamwili za bakteria wengine wanaofanana nayo, ndiyo sababu hata ikitoka chanya hapa wanaipeleka ipimwe kwa mirija, kwa viwango, kabla ya mtu kuanza wiki sita za dawa. Homa yangu iliisha na tiba ya mkojo. Zile tembe za wiki sita sikuzinunua.

Sasa Widal, na hapa ndipo nyota ya tano ilipopotea.

Kwenye bango la bei, mstari wa tano, wameandika "Taifodi (Widal) 400". Mimi nilimuuliza kijana waziwazi: wewe unayepima bakteria wa mfano kila wiki, hiki kimekujaje ukutani kwako? Kipimo hicho kina jina la Fernand Widal, Mfaransa, tangu mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu wa taifodi, kinatafuta kingamwili zake, na kwa mtu aliyekulia mahali ambapo taifodi ipo siku zote, kingamwili zinaweza kuwa za miaka iliyopita, au za chanjo, au za ndugu wengine wa salmonela, ukoo wa bakteria anakotoka mdudu wa taifodi. Ili kiwe na maana nzuri unahitaji damu ya leo na damu ya siku kumi au kumi na nne baadaye, uone kiwango kimepanda mara nne. Nani mjini hapa amewahi kuambiwa arudi kwa damu ya pili? Unatolewa tone, kinaganda, unaandikiwa dawa.

Alijibu bila kukwepa. Alisema madaktari wanaandika, wateja wanadai, na akiliondoa bangoni watavuka barabara wakafanyiwe na mtu ambaye hata viwango haandiki. Yeye walau anaandika 1:80 au 1:160, yaani seramu imezimuliwa kiasi gani na bado kipimo kinaganda, badala ya "chanya" kavu, na chini ya karatasi anagonga muhuri kwamba kipimo hiki peke yake hakithibitishi taifodi. Taifodi ya kweli inatafutwa kwa kuotesha damu: mililita nane mpaka kumi kwa mtu mzima, kabla ya dawa, na siku kadhaa za kungoja. Nayo pia inawakosa wagonjwa wengi, akaongeza, kwa sababu bakteria kwenye damu huwa wachache. Kuotesha damu hawana. Wanakuelekeza hospitali kubwa.

Naelewa jibu lake. Nami jukwaani nikirudisha maziwa, kuna mnunuzi wa pembeni anayeyachukua hayo hayo. Lakini mimi siyapokei kisha nikagonga muhuri juu ya mtungi kwamba yameharibika. Toeni huo mstari bangoni. Daktari akiandika, fanyeni. Msikitangaze kama chapati.

Tangu hapo nimempeleka shemeji. Alikuja kutoka Siaya kwa mazishi, akashikwa na homa tukiwa bado tunatandika vitanda. Nakuru tuko juu, zaidi ya mita 1,800, na malaria yetu nyingi inashuka kwenye matatu pamoja na abiria, kwa hiyo nilipenda kwamba swali la kwanza hapa lilikuwa "umesafiri?" na la pili "umemeza dawa ya malaria karibuni?" Shemeji alikuwa amemaliza dozi huko kwao wiki mbili nyuma. Kile kipimo cha haraka cha kaseti kilitoka na mistari miwili. Kwenye kliniki ya haraka angeshapewa dozi nyingine hapo hapo. Kijana akatandaza damu kwenye kioo, tone nene na tone jembamba, akapaka rangi ya Giemsa, akakaa kwenye hadubini. Kabla ya kusema hakuna, lazima apitie sehemu 100 za kioo kwa lenzi ya mafuta. Angewapata vimelea, angewahesabu sambamba na seli nyeupe 200 kisha kuzidisha kwa 40, kwa makadirio kwamba mikrolita ya damu ina seli nyeupe 8,000. Hakupata hata kimoja. Kaseti haikukosea: inashika protini ya kimelea, HRP2, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliandika majibu yote mawili kwenye karatasi moja na sababu yake. Homa ya shemeji ikawa ni mafua ya kawaida, ya kulala na supu, na mazishi akahudhuria.

TB hawapimi, na hawajifanyi. Mwenye kikohozi cha wiki mbili wanamwandikia barua aende hospitali ya umma, ambako makohozi yanapimwa bila malipo, na mashine ya GeneXpert inatoa jibu ndani ya saa mbili na kusema pia kama mdudu ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Kuotesha brusela pia hawakugusi: inachukua muda mrefu mno, na mdudu huyo ni maarufu kwa kumwambukiza anayemwotesha. Mimi naheshimu duka linalojua kisichokuwa rafuni.

Karatasi ya majibu ni tatizo. Yote Kiingereza, yote vifupisho, S (dawa inafaa) na R (mdudu ni sugu) na I (katikati) zimepangwa safu bila maelezo. Mwenzangu wa kazini aliletewa majibu kwamba mkojo wake umeota mchanganyiko wa aina tatu za bakteria, rudia sampuli. Akakesha akijua ana magonjwa matatu. Kumbe maana yake ni kwamba kikopo kiliguswa, na walikuwa waungwana kumrudishia bila malipo badala ya kuchagua mdudu mmoja na kumuuzia. Sentensi mbili za Kiswahili chini ya karatasi zingemlaza usingizi. Na mnapotuma kwa WhatsApp, pigeni picha karatasi ikiwa imenyooka. Safu ya mwisho ya dawa zangu ilikuwa imekatwa nusu, ikabidi nipande ngazi tena.

Mkienda: ni ghorofa ya pili, karibu na steji ya matatu za Njoro, juu ya duka la agroveti. Ngazi ni nyembamba, mgonjwa asiyejiweza mpigieni simu kijana, atashuka yeye. Sampuli za kuotesha wanapokea Jumatatu hadi Ijumaa kabla ya saa tisa. Jumamosi ni vipimo vya kawaida tu kwa sababu Jumapili hakuna wa kusoma sahani, na wanawaambia hivyo mapema. Mlipe kwa tili, namba ya kulipia kwa simu, iliyobandikwa ndani, kwenye dirisha la malipo. Ile iliyo mlangoni kule chini ni ya agroveti, na nimemwona baba mmoja akibishana kwa risiti ya 300, amelipia mbegu za kabeji, na kikopo cha choo bado kiko mkononi.